Sura ya Nne: Kitambaa cha Funguo

Mizigo ilianza kutoka watu wakiwa wameshachoka kusimama. Mkanda ulitembea kidogo, ukasimama, ukakohoa kama mzee anayetaka kusema jambo, ukatembea tena. Inspekta hakusogea mbele na wenzake. Alisimama karibu na nguzo, mahali ambapo mtu anauona mkanda wote na mlango wa kutokea pia.

Mbele yake mabwana wawili waliopanda naye ndege moja kutoka nyumbani walikuwa wameshikilia sanduku moja.

"Kaka, hili langu."

"Lako lina gurudumu bovu?"

"Lina gurudumu bovu."

"La kulia au la kushoto?"

Yule wa kwanza akafikiri. "Inategemea umesimama upande gani."

Watu wakacheka, hata aliyekuwa analia kwenye simu.

Sanduku la Inspekta lilikuja nyuma ya yote. Alilitambua kwa mbali, kwa kile kipande cha kitambaa kwenye mshikio: kahawia, kimechapwa funguo za njano. Alifungiwa na mama wa binti anayemtafuta, siku ya kuondoka, ndani ya chumba chenye cherehani mbili. Moja ilikuwa wazi. Ya pili ilikuwa imefunikwa shuka, kama mgonjwa.

"Hii ni sare ya harusi yangu," mama yule alisema, akiwa amesimama juu ya kigoda anaishusha kutoka juu ya kabati. "Kila mtoto wangu akisafiri namfungia kipande, asipotelewe na mzigo. Kitinda naye nilimfungia."

Kitinda ndiye mtoto wa mwisho, na nyumba nzima ilimwita hivyo. Mama alikishika kitambaa kwa meno, akakichana. Kingo zikabaki na nyuzi zinaning'inia.

"Samahani, sijakipinda. Kupinda kwa mkono ilikuwa kazi yake. Mimi macho yangu uzi hayauoni tena, naupapasa tu. Na nilikuwa namgombeza, maana akienda hatua mbili tatu anarudisha mshono mmoja nyuma, kama mtu aliyesahau kitu ndani. Nikamwambia, mwanangu, mbona unapinda huku unarudi? Hakuacha." Akakaza fundo. "Niambie tu kama yu hai. Mengine nitayabeba."

Mambo aliyokuwa nayo Inspekta yalikuwa machache. Kitinda alipanda ndege hii hii kabla mvua hazijaanza, aende kufanya kazi ya ushonaji aliyotafutiwa na mjomba wake. Dereva wa mjomba alikwenda kumpokea, akasema hakumwona. Tangu hapo, kimya. Mjomba mwenyewe ndiye aliyemfuata Inspekta nyumbani kwake na kumkatia tiketi, kwa kuwa aliambiwa Inspekta ni mama anayeujua mji. Na kweli aliujua. Aliishi humu mwaka mzima alipokuwa polisi kijana, akijifunza kusoma alama za vidole. Siku hizi amestaafu, lakini hata muuza maziwa bado anamwita Inspekta.

Enzi zile hapa palikuwa na ukumbi mmoja tu, na mapangaboi yanayozunguka polepole. Ofisa wa forodha alikuuliza una nini, ukasema nguo, akachora alama ya chaki kwenye sanduku lako, ukapita. Ile chaki Inspekta hakuifuta mwaka mzima. Sasa palikuwa na mashine, na kijana wa mashine hakuinua hata macho.

Akatoka mlangoni.

Watu walikuwa wamejazana nyuma ya kamba na mabango yao. La kwanza kabisa, mbele ya mlango, liliandikwa INSPEKTA kwa herufi kubwa. Aliyelishika alikuwa mwanamume mnene, miwani ya jua imepandishwa kichwani.

"Shikamoo, Inspekta. Karibu ugenini. Mimi ni dereva, nimetumwa na mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyekuja kumpokea Kitinda?"

"Mimi mwenyewe." Akainama kuchukua sanduku, akaona mshikio, akacheka. "Na wewe wamekufungia hiki kitambaa cha funguo? Watu wa nyumba ile wanapendana jamani."

Inspekta alisikia lile "na wewe", akaliweka pembeni.

Kushoto kwa mlango, chini ya vioo vyote vile vipya, kulikuwa na benchi la mbao lenye miguu ya chuma. Inspekta alilijua. Ndilo lile lile. Siku ya kurudi nyumbani alikaa pale na mwenzake wa chuo, wakawa wanacheka na kulia kwa zamu, na kwenye ubao wa kuegemea walichora kitu kwa pini ya nywele. Sasa alikuwa amelikalia mwanamke wa makamo mwenye sweta, kikapu mapajani. Watu wote pale walitazama nyuso za wanaotoka. Yeye alikuwa anatazama mshikio wa sanduku. Halafu akamwona dereva, akainamisha uso ndani ya kikapu kana kwamba anatafuta kitu.

"Siku ile ulisimama wapi?" Inspekta aliuliza.

"Hapa hapa. Nilisimama mpaka mikono ikafa ganzi."

"Na bango lake?"

"La jina lake kamili. Nililiinua kama bendera."

"Mtu akitoka mlango ule, anakuona?"

"Labda awe kipofu."

"Kwa hiyo hakutoka."

"Hakutoka." Kisha akasogea karibu. "Ila mimi nakwambia kama mtoto wako. Kulikuwa na kijana wa gitaa kwenye ile ndege, nywele ndefu. Mabinti na magitaa, unajua mwenyewe. Tafuta gitaa, utampata Kitinda."

"Kama hakutoka, ulijuaje alikuwa karibu na gitaa?"

Dereva alishusha miwani machoni. "Nasema labda."

"Nipe sanduku," Inspekta alisema. "Lina dawa zangu. Ngoja niende msalani."

Ndani ya choo alifungua fundo la kitambaa, akakikunja, akakitia ndani ya mkoba wake wa mkononi. Alipotoka hakurudi kwa dereva moja kwa moja. Alimsogelea mlinzi aliyesimama kwenye korido, akamsalimu kwa lugha ya pale, aliyoiacha miaka mingi.

Mlinzi alitabasamu mpaka ufizi. "Unaongea kama bibi yangu. Hilo neno lako la salamu nililisikia mara ya mwisho kwenye mazishi yake."

"Basi nijibu kama ungemjibu yeye. Kijana wa gitaa, kabla ya mvua, ndege ya kwetu."

"Huyo simsahau. Ukoo mzima ulikuja na maua, wakanikanyaga mguu. Bibi yake alilibeba gitaa kama mtoto."

"Alikuwa na binti?"

"Alikuwa na mama yake shingoni. Binti angekaa wapi?"

Njia ya gitaa ikafungwa hapo. Inspekta akauliza habari za mwanamke wa kwenye benchi. Walinzi walikuwa wamempa jina ambalo kwa Kiswahili ni sawa na Mama Mapokezi. Kila ndege ya kutoka kwao inapotua, yupo. Hapokei mtu. Watu wakiisha, anaondoka.

"Wengine wanasema alifiwa na mume, akili ikahama," mlinzi alisema. "Mimi sikubali. Mtu anayejua saa ya ndege na saa ya basi, akili yake iko nyumbani."

"Anapanda basi gani?"

"La njano, la soko la zamani. Lile linaondoka."

Inspekta aligeuka. Benchi lilikuwa tupu. Nje ya kioo, sweta lilikuwa linapanda basi.

Alipita karibu na lile benchi alipokuwa anarudi kwa dereva, akapitisha kidole kwenye ubao wa kuegemea. Herufi mbili za pini ya nywele zilikuwa bado zipo, zimejaa rangi ya mbao. Akaendelea na hesabu yake. Dereva alikiona kitambaa cha Kitinda, kwa hiyo Kitinda alitoka mlango huu. Alilikuta jina lake kamili limeinuliwa kama bendera. Binti ambaye hajawahi kutoka kwao, aliyeambiwa na mama yake asimfuate mtu yeyote ila mwenye jina lake, aliliona jina akaliacha. Aliona kitu kingine. Kitu gani hulishinda jina la mtu mwenyewe, ugenini?

Na dereva, kwa nini aseme hakutoka? Kwa sababu mtu aliyeponyokwa na kitu mbele ya macho yake ataona heri aseme hakikuwepo.

Gari lilikuwa safi, linanukia sabuni. Dereva alimfungulia mlango wa nyuma, sanduku akaliweka kwenye buti.

"Nyumbani," alisema walipoingia barabara kubwa, "bado redio inatangaza vifo baada ya taarifa ya habari ya mchana?"

"Bado."

"Na ule muziki wa kabla ya matangazo?"

"Ule ule."

Dereva akaupiga kwa mdomo, taratibu, mpaka mwisho, bila kukosea. "Nilipokuwa mdogo nikiusikia naacha kijiko. Bibi anasema tulieni tusikie ni nani. Halafu akishasikia si wetu, anasema haya, kuleni." Alifuta jicho kwa kidole gumba. "Huku mtu akifa unaambiwa mwezi ujao."

"Mbona hurudi?"

"Nirudi na uso gani? Na mzee ataniachia?" Akabadilisha gia. "Usinisikilize, nina njaa."

Nje ya dirisha mji ulikuwa unakuja kidogo kidogo. Kiwanda cha matofali kilikuwa sasa maduka ya samani. Mzunguko wenye saa ulikuwepo, saa haikuwepo. Palipokuwa na sinema, ambako Inspekta na wenzake waliingia kwa tiketi moja wakipokezana koti, palikuwa na jengo la vioo lenye benki chini. Alijaribu kushusha kioo asikie harufu ya mji. Kioo hakikushuka. Akajaribu kitasa cha mlango. Kilikwenda na mkono, kikarudi, mlango haukusikia habari.

"Huo uliharibika," dereva alisema, akimtazama kwenye kioo cha mbele. "Unafunguka kwa nje tu."

"Na wa upande ule?"

"Na wa upande ule."

"Vitu vya gari lako vinaharibika kwa mpango."

Dereva alicheka, lakini cheko lilichelewa. "Nipe pasipoti yako, Inspekta, nikakuandikishie hotelini. Wewe upumzike."

"Nitaandikisha mwenyewe."

"Wenyeji wana taratibu ngumu."

"Nilikaa hapa wewe hujaota ndevu."

"Haya, mama." Akapiga honi bila sababu. "Ila ukimpata mtoto, mpigie mzee kwanza. Mama yake ana presha, habari za ghafla zitamuua."

Inspekta alimkumbuka yule mama juu ya kigoda, mikono imeinuliwa juu ya kabati, anaongea bila kuhema. Presha hiyo ilikuwa ya kupangiwa.

"Simama pale kwenye duka la dawa," alisema. "Kichwa kinanigonga."

"Dawa si ziko kwenye sanduku?"

"Hizo ni za miguu."

Dereva alisita, akasimamisha gari, akazunguka kumfungulia. Inspekta alishuka na mkoba wake tu. Akaingia dukani, akapita mbele ya kaunta, akamsalimu muuzaji, akaendelea moja kwa moja mpaka mlango wa nyuma, akiomba kimoyomoyo uwe bado upo. Ulikuwepo. Nyuma yake kulikuwa na kichochoro cha vinyozi. Walikitumia wakati wa chuo kumkwepa matroni wa bweni, ambaye alisimama kwenye mdomo mmoja wa kichochoro jioni nzima akiwangoja, wao wakiwa wameshatokea mdomo wa pili. Vinyozi walikuwa wamekwisha. Kila kibanda sasa kilitengeneza simu. Kwenye ukuta kilibaki kioo kimoja kirefu cha kinyozi, kimepata madoa, na Inspekta alipopita mbele yake aliona mwanamke mwenye mvi anatembea haraka. Ilimchukua hatua moja kumtambua.

Alitokea soko la zamani. Basi la njano lilikuwa bado halijafika, maana husimama kila mahali. Akangoja nyuma ya meza ya muuza vifungo.

Mama Mapokezi alishuka wa mwisho. Inspekta alimfuata mpaka walipoacha kundi la watu, halafu akapita mbele yake, akatoa kitambaa mkobani, akakishika kwa mikono miwili.

Mwanamke yule alisimama. Alikitazama kitambaa, akatazama nyuma ya Inspekta, kulia, kushoto.

"Dereva yuko wapi?" aliuliza kwa Kiswahili.

"Upande wa pili wa soko, na sanduku langu."

"Lina nini?"

"Nguo na mswaki."

"Basi mwache apige mswaki." Lakini hakusogea. "Hicho kitambaa, nani amekichana?"

"Mwenyewe."

"Kwa mkasi?"

"Kwa meno."

Mama Mapokezi akakaa kwenye ngazi ya duka. "Bado anachana kwa meno. Mtu ana mikasi mitatu ndani, anachana kwa meno." Alifunua kikapu chake. Kilikuwa kimefunikwa kwa kitambaa cha kahawia kilichofifia, funguo zake zimekuwa rangi ya chai. "Nilikuwa mpambe wake. Sare tuliichagua sisi wawili. Watu wakatucheka, eti ni harusi ya mafundi kufuli. Mwaka uliofuata nikaja huku, nikasema miaka miwili narudi. Hii ndiyo iliyobaki."

"Pale uwanjani unamngoja nani?"

"Simngoji mtu, dada. Nakwenda kusikia watu wakigombania mizigo kwa lugha yangu. Nikirudi nina cha kucheka wiki nzima. Leo wawili wametoka bado wanabishania sanduku, mmoja anasema inategemea umesimama upande gani." Alicheka kidogo, akaacha. "Sasa ukikaa mahali pamoja muda mrefu, unaona na usiyoyafuata. Yule dereva anashika bango. Binti anatoka, anaona jina lake, anafurahi, anaingia garini. Wawili niliwaona tena. Wanaletwa na askari wa uhamiaji, kwenye mlango wa wanaoondoka, wamekonda, hata mkoba hawana. Mmoja nilimpa maji. Aliniambia walifungiwa kwenye jumba moja wanashona mchana na usiku. Pasipoti zao dereva alizichukua siku ya kwanza, ndani ya gari."

"Hukwenda polisi?"

"Karatasi zangu zilikwisha zamani. Mimi polisi nawapita kwa mbali. Hata wewe, ungevaa sare yako ya kazi badala ya kushika yangu, ungeongea na mgongo wangu."

"Kwao wale wawili ni wapi?"

"Huyo wa maji alisema kwao ni kule kule nyumbani, nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alinitajia na jina la baba yake."

Inspekta alilitia jina hilo kichwani. Huyo ndiye shahidi wa kwanza.

"Siku ile ya Kitinda," alisema, "jina lake lilikuwa limeinuliwa mbele ya mlango. Ulimwita kwa jina gani lililo kubwa kuliko hilo?"

"Sikumwita. Ningemwita angeogopa. Niliona funguo zangu zinatoka mlangoni, moyo ukanipasuka. Nikainua hiki." Alishika pembe mbili za kitambaa cha kikapu, akakinyanyua mbele ya kifua, kama mtu anayeanika. "Akalitazama bango. Akanitazama. Akatazama mkono wake mwenyewe, ulioshika sanduku. Akaja."

"Na dereva?"

"Alikuwa anasoma bango lake lenyewe kama liko sawa. Alipogeuka tulikuwa mlangoni kwenye watu wa maua na gitaa. Alituona mgongo. Leo sikukinyanyua kwa sababu alikuwa ameshakushika." Akasimama, akajipangusa. "Twende. Ila panda ngazi polepole, huyo mtoto anashtuka siku hizi."

Chumba kilikuwa juu ya duka la rangi. Sauti ya cherehani ilisikika tangu ngazi ya chini, ikasimama walipofika mlangoni. Mama Mapokezi aligonga kwa kucha, akasema, "Ni mimi, nina mgeni wa funguo." Mlango ukafunguka kidogo, kisha wote.

Kitinda alikuwa mwembamba kuliko kwenye picha, uzi mweupe umemshika nywele. Alimsalimu Inspekta kwa adabu, akapokea kitambaa, akakipeleka puani. Alikaa nacho pale muda mrefu, mabega yanapanda na kushuka. Inspekta alitazama dirishani mpaka alipomaliza.

"Mama mzima?"

"Mzima. Ila hashoni tena nguo za watu. Cherehani yako ameifunika."

"Anadhani nimekufa."

"Anaogopa kudhani. Kwa nini hukupiga simu?"

"Kwa nani? Mama hana simu, simu zake zote zinaingia kwa mjomba. Yangu mjomba aliichukua siku ya safari, akasema huku nitanunuliwa nzuri. Namba ninayoikumbuka ni moja, na yeye ndiye aliyenikaririsha, kama kuongoza sala." Akainua macho. "Shangazi, wewe nani amekukatia tiketi?"

Inspekta alivuta kiti, akakaa.

"Mjomba wako," alisema.

Kitinda alirudi kwenye cherehani, akaweka mguu kwenye pedali, akashona kipande kitupu kisicho cha mtu, ili mikono ipate pa kukaa. Na hapo simu ya Inspekta ikaita. Aliangalia jina, akawaonyesha wenzake, akapokea. Mguu wa Kitinda ulisimama, lakini ulikuwa umechelewa.

"Inspekta, dereva anasema umempotea."

"Kichwa kilikuwa kinaniuma. Nikavutwa na vichochoro vya ujanani, unajua tena. Nikapotea kweli."

"Hapo ulipo nasikia cherehani. Mbona imenyamaza?"

Mama Mapokezi alimpigia Kitinda ishara kwa vidole: endelea. Kitinda akakanyaga pedali. Sindano ikaenda, ikaenda, kwenye kitambaa kile kitupu.

"Ni mtaa wa mafundi," Inspekta alisema. "Zinaanza zinanyamaza, kila mlango."

Mjomba alisikiliza. Pumzi yake ilikuja kwenye simu, nzito. "Umempata?"

"Sijampata. Mlinzi hamkumbuki. Dereva wako anasema hakutoka kabisa. Kama hakutoka, mimi natafuta nini huku?"

"Hakuna dalili yoyote?"

"Hakuna."

"Basi rudi." Sauti ililainika, kama ya mtu aliyeshusha mzigo. "Tutamwambia dada ni kazi ya Mungu. Nitakupokea mwenyewe uwanjani."

"Njoo naye."

"Wa nini? Ataumia bure."

"Kuna kitambaa chake alinifungia kwenye sanduku. Nataka kumrudishia mkononi, nimwombe radhi kwamba narudi mtupu. Ni heshima tu."

"Kitambaa." Mjomba akacheka puani. "Haya. Nitamleta."

Inspekta alikata simu, akaiweka kifudifudi juu ya meza. Mwaka ule wa mafunzo ya alama za vidole, mwalimu wao alikuwa akiwawekea glasi kumi mezani na kusema, kila mtu ameshika, nani hakushika kama wengine? Alikuwa hajazikumbuka glasi hizo kwa muda mrefu. Akachukua kitambaa cha funguo kutoka mapajani mwa Kitinda, akakinyoosha juu ya meza, nyuzi zake zinaning'inia pande zote.

"Una sindano ya mkono?"

"Ninayo."

"Mama yako aliomba radhi kwamba hakijapindwa. Kipinde. Pinda kama unavyopinda wewe."

Kitinda alikitazama kitambaa, akamtazama Inspekta. Ilimchukua muda, halafu ikamfikia. Alipitisha uzi kwenye tundu, akakosa, akalamba uzi, akapata. Akaanza. Mbele, mbele, mbele, nyuma. Mama Mapokezi alisogea kutazama, akaziba mdomo kwa ukingo wa sweta.

"Huyu ndiye mtoto wake," alisema. "Anapinda huku anarudi."

"Ndege inaondoka kesho," Inspekta alisema. "Kwanza mama yako ajue. Halafu nitakwenda nyuma ya kiwanda cha sabuni. Wewe usishuke ngazi hizi mpaka uone mtu mwenye funguo mkononi."

Aliona tayari jinsi itakavyokuwa. Mjomba angesimama mbele kabisa, amemshika dada yake begani. Huenda angekipokea yeye kwanza, akakigeuza mkononi, akaona kitambaa cha zamani, akampa. Na vidole vya mama vingeanza kupapasa.

Kitinda alifika kwenye kona, akasimamisha sindano.

"Nipinde upande mmoja, au pande zote?"

"Zote," alisema Inspekta. "Asije akakosa pa kushika."